White Sox wameuza mara mbili, kununua bado

#1

Wakuu, kila tukiwasema Chicago White Sox wa besiboli ya Marekani tunajibiwa tuwe na subira, timu inajengwa. Inajengwa tangu Desemba 2016! Mtoto aliyezaliwa mwezi ule leo anasoma na kuandika, na sisi bado tunaoneshwa msingi.

Kubomoa kikosi si dhambi. Houston Astros walipoteza mechi 111 mwaka 2013, na 2017 wakabeba ubingwa. Ila kazi hii ina nusu mbili. Kwanza unauza nyota wako upate vijana. Vijana wakiiva, mmiliki anafungua pochi na kununua kile ambacho timu za vijana hazikutoa. Nusu ya kwanza tumeifanya mara mbili. Ya pili hatujaiona.

Anzeni na mavuno ya kwanza. Chris Sale akaenda Boston, wakaja Yoán Moncada na Michael Kopech. Kesho yake Adam Eaton akaenda Washington, wakaja Lucas Giolito, Reynaldo López na Dane Dunning. Julai 2017 José Quintana akahamia kwa majirani zetu Cubs, wakaja Eloy Jiménez na Dylan Cease. Luis Robert kutoka Cuba akapewa dola milioni 26 za kusaini, na kwa kuwa klabu ilivuka kiwango cha usajili wa kimataifa, ligi ikaitoza faini inayokaribia kiasi hichohicho. Hapo walifanya kazi nzuri, sibishi. Tukavumilia vipigo 95, kisha 100, kisha 89.

Kwa msiofuatilia besiboli kwa karibu: utamu wa kijana ni bei yake. Mchezaji akikaa siku 172 kwenye kikosi cha ligi kuu anahesabiwa mwaka mmoja wa utumishi. Miaka mitatu ya mwanzo hulipwa karibu na kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000. Mitatu inayofuata mshahara huamuliwa kwa usuluhishi. Ikitimia sita, yuko huru kwenda anakotaka. Basi ubingwa unautafuta ndani ya miaka hiyo sita, na pesa unayookoa kwa vijana ndiyo inayokununulia wakubwa. White Sox waliongeza ujanja wa kuwafunga mapema: Jiménez miaka 6 kwa milioni 43, Robert miaka 6 kwa milioni 50, wote wawili kabla ya kucheza hata mechi moja ya ligi kuu, na Moncada miaka 5 kwa milioni 70. Watatu kwa milioni 163! Bei ya kuokota.

Kisha wakaenda sokoni wameikumbatia pochi kwa mikono miwili. Walimtaka Manny Machado, wakamleta shemeji yake Yonder Alonso na rafiki yake Jon Jay ili wamvute. Ofa iliyoripotiwa Februari 2019 ilikuwa milioni 250 kwa miaka 8. San Diego wakaweka 300 kwa miaka 10. Bwana harusi akaenda zake, tukabaki na shemeji, aliyepiga wastani wa .178, yaani hata mara 18 katika 100 hakufanikiwa, na kuachwa kabla msimu haujaisha.

Mashimo ya kikosi yalikuwa mawili, kila mtu aliyaona: nafasi ya uwanja wa kulia na ya beisi ya pili. Kulia wakamweka Nomar Mazara 2020, akapiga homurani moja, yaani mpira mmoja wa kuvuka ukuta. Najua msimu ule ulikuwa wa mechi 60 tu, lakini moja? 2021 wakamrudisha Eaton yuleyule waliyemuuza, kwa milioni 7, na Julai wakamwacha. Beisi ya pili alikuwepo Nick Madrigal. Akaumia msuli wa nyuma ya paja, wakamtoa kwa Cubs wampate Craig Kimbrel, mrushaji wa kufunga mechi, wakati kazi hiyo tayari ina mwenyewe, Liam Hendriks. Mtu aliyezoea iningi ya tisa, zamu ya mwisho ya mechi, akasukumwa ya nane, akaruhusu alama 5.09 kwa kila iningi 9. Na bado wakauthibitisha mkataba wake wa milioni 16 wa 2022 kabla ya kumhamishia Dodgers.

Hesabu inayoniuma ni hii. Hendriks milioni 54, Kendall Graveman 24, Joe Kelly 17. Jumla milioni 95 kwa warushaji watatu wa akiba, wale wanaoingia mwishoni mwa mechi. Mrushaji wa akiba akiwa mzima msimu wote hurusha iningi 60 au 70, na timu nzima hurusha zaidi ya 1,400. Mpigaji wa kila siku wa uwanja wa kulia husimama kupiga mara 600. Klabu hii, kwenye mji wa tatu kwa ukubwa Marekani, haijawahi kumsainisha mtu mkataba wa milioni 100, lakini 95 za kugawa vipande vipande zilipatikana. Rahisi ghali.

Msisahau la mrushaji wetu Carlos Rodón, Novemba 2021. Kanuni ilikuwa wazi: mpe ofa ya mwaka mmoja ya milioni 18.4, akiikubali unaye, akiikataa na kusaini kwingine unafidiwa nafasi ya ziada kwenye drafti, ule mchujo wa kila mwaka wa kuchagua vijana wapya. Hawakumpa, eti bega. Akaenda San Francisco, akachaguliwa tena kikosi cha nyota wote, na sisi hatukupata hata drafti.

Matunda yake mnayajua. 2021 walishinda 93 na Houston wakawatoa 3-1. 2022 wakamaliza 81-81. 2023 vipigo 101. Na 2024 vipigo 121, vilivyowafuta New York Mets wa 1962 waliopoteza 120. Alama 507 katika mechi 162, yaani tatu na kidogo kwa mechi! Meneja mkuu Rick Hahn na bosi wake Ken Williams walifukuzwa Agosti 2023, na siku tisa baadaye kiti akapewa Chris Getz, aliyekuwa akisimamia malezi ya vijana wa klabu hiyohiyo tangu mwisho wa 2016. Nyumba imeungua, funguo za mpya kapewa aliyekuwa jikoni. Naye akaanza kuuza: Cease kaenda San Diego, Garrett Crochet kaenda Boston. Boston wakampa Crochet milioni 170 kwa miaka 6. Sisi tumepewa subira.

Huku hakuna kushuka daraja. Ukipoteza 121, mwakani unarudi ligi ileile na mgao wa haki za televisheni uleule. Mmiliki Jerry Reinsdorf yuko pale tangu 1981, ataogopa nini?

#2

Mkuu, hasira zako nazielewa, ila umezificha karatasi za upande wa pili. Pesa zilitoka. Yasmani Grandal milioni 73. Dallas Keuchel 55.5, wakamtema Mei 2022. Andrew Benintendi 75, mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu kwa mchezaji huru. Mbona hizo hukuzitaja? Na José Abreu, ambaye mashabiki walilia akiachwa, Houston walimpa 58.5 kwa miaka mitatu na Juni 2024 wakamwachia njiani. Pale ubahili ulituokoa.

Ugonjwa wa klabu hii ni ufundishaji. Chukua Andrew Vaughn, chaguo la tatu la drafti ya 2019, mchezaji wa beisi ya kwanza. Beisi ya kwanza ina Abreu, basi wakampeleka uwanja wa nje, mahali ambapo hajazoea na miguu hana. Akili iliyopaswa kwenda kwenye upigaji ikaenda kwenye kukimbiza mipira. Miaka minne unusu haendi mbele wala nyuma. 2025 anapiga .189, anashushwa ligi ndogo, anauzwa Milwaukee. Kule kapiga .308. Mtu ni yuleyule, mkono ni uleule, waliobadilika ni walimu. Hata milioni 300 ukimpa mtu, ukimtia kwenye karakana kama hii atatoka amepinda.

Halafu kina cha kikosi. Machi 2021 Jiménez alichanika msuli wa kifua kwenye mechi ya mazoezi, akinyoosha mkono juu ya ukuta kuuwahi mpira ambao hata ungeruka hakuna ambaye angeukumbuka. Mei Robert akaumia nyonga. Timu iliyolelewa vizuri inapandisha mtu kutoka ligi ndogo. Sisi tulipandisha nani? Baadaye tukampa Leury García milioni 16.5 kwa miaka mitatu awe kiraka cha kila nafasi.

#3

Ninyi wawili mnabishana kuhusu mtungi, kisima chenyewe kimebadilishwa kanuni. Kupoteza makusudi hakulipi kama zamani. Tangu mkataba wa ligi na wachezaji wa 2022, nafasi sita za juu za drafti zinapatikana kwa bahati nasibu. Klabu inayochangia mfuko wa kugawana mapato, yaani yenye soko kubwa kama Chicago, hairuhusiwi kuingia bahati nasibu miaka miwili mfululizo. 2024 tulichagua wa tano. Kwa hiyo vipigo 121, rekodi ya aibu, vilituletea nafasi ya 10 mwaka 2025, kwa sababu juu ya hapo tulifungiwa! Zamu yetu ikarudi Desemba 2025, uwezekano wetu zaidi ya robo, ikatudondokea namba moja ya drafti ya 2026. Hiyo ni bahati, msiiite mpango.

Na tuseme la haki: Shane Smith, waliyemchukua kwa dola 100,000 tu toka Milwaukee Desemba 2024 kwa kanuni ya kuchukua vijana wasiolindwa kwenye orodha ya watu 40, alifika mechi ya nyota wote msimu wake wa kwanza. Sharti ni kumweka kikosini msimu mzima, la sivyo arudishiwe mwenyewe. Angalau mmoja ofisini ana macho.

#1

#2, Benintendi umemleta mwenyewe, asante. Msimu wa mwisho kabla ya kumsaini alikuwa amepiga homurani 5 tu. Milioni 75 kwa mtu wa uwanja wa kushoto asiye na nguvu ya kupiga ndiyo maana halisi ya ninachosema: wanalipa bei ya juu ya bidhaa ya kati kwa sababu wanaiogopa bidhaa ya juu. La Vaughn nakubali, na anayepaswa kulijibu ni huyohuyo aliyekuwa mlezi wa vijana.

#3, sawa, namba moja tumeipata. Tupige hesabu ya saa ya utumishi. Colson Montgomery alipandishwa Julai 2025 akapiga homurani 21 katika mechi 71. Siku 172 hakuzifikisha mwaka ule. Miaka yake ya bei ya chee basi ni 2026, 2027 na 2028, usuluhishi unaanza 2029, uhuru baada ya 2031. Makubaliano ya Juni 2025 na mwekezaji Justin Ishbia yanampa Reinsdorf nafasi ya kumwuzia usukani kati ya 2029 na 2033, na Ishbia hawezi kudai kununua mpaka 2034 ipite. Nionesheni basi, kati ya hiyo mitatu ya chee, ni mwaka upi utakaomkuta mwenye pochi nyingine.