Viza ya kazi baada ya kuhitimu: Uingereza, Kanada, Marekani au Ujerumani?

Ukurasa_Mpya

Habari zenu wakuu. Nimekubaliwa kusoma uzamili wa sayansi ya data katika vyuo vinne: Uingereza, Kanada, Marekani na Ujerumani. Mwisho wa mwezi lazima nilipe malipo ya awali ya chuo kimoja. Masomo yenyewe hayapishani sana. Ninachopima ni kile kipindi cha kufanya kazi baada ya kuhitimu, maana nasoma kwa mkopo na sitaki kurudi na deni bila hata mwaka mmoja wa uzoefu.

Nilichokusanya mpaka sasa: Uingereza miaka 2, Kanada 3, Ujerumani miezi 18. Marekani mwaka 1, unaoweza kufika miaka 3 kwa fani za sayansi na teknolojia. Kwa hesabu hiyo Kanada na Marekani ziko juu, ila nahisi kuhesabu miaka peke yake kunanificha kitu. Mliopita njia hizi, naomba mnieleze yaliyowakuta.

Tatu_Asubuhi

Hongera kwanza, mkuu. Mimi nimemaliza Uingereza mwaka 2025 na sasa niko kwenye viza yao ya wahitimu, ile iliyoanza Julai 2021. Uzuri wake ni kwamba humhitaji mwajiri wa kukudhamini. Unafanya kazi karibu yoyote, unaacha, unatafuta nyingine, na ukikaa miezi miwili bila kazi hakuna anayekuuliza.

Ila rekebisha hesabu yako. Kwa maombi yatakayopelekwa kuanzia tarehe 1 Januari 2027, mwenye shahada ya kwanza au uzamili anapewa miezi 18. Wa uzamivu ndio wanaobaki na miaka 3. Wewe utaangukia kwenye 18.

Pesa nayo uiweke kando mapema. Nililipa pauni 880 za ombi, na juu yake mchango wa huduma ya afya, pauni 1,035 kwa kila mwaka. Kwa miaka 2 ni 2,070, zinakatwa zote siku hiyohiyo. Jumla 2,950, na mshahara wa kwanza bado sijauona.

Kilichonitesa kuliko pesa ni kusubiri. Huwezi kuomba mpaka chuo kiijulishe serikali kwamba umemaliza kozi. Viza yangu ya masomo ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kila asubuhi nafungua barua pepe kabla sijanawa uso, hakuna kitu. Nikienda ofisini naambiwa bodi ya mitihani bado haijakaa. Taarifa ilitumwa zikiwa zimebaki siku 6. Ukiacha viza ya masomo ikaisha, huna tena nafasi ya kuomba, na ukiwa nje ya nchi huwezi kuomba.

Na haiongezwi. Baada yake unahitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini, na tangu Julai 2025 kiwango cha chini cha mshahara kwa kawaida ni pauni 41,700 kwa mwaka. Kwa mhitimu anayeanza kazi kinashuka hadi 33,400. Hicho ndicho unachopaswa kukiuliza mapema: kazi za fani yako, katika mji utakaoishi, zinaanza na shilingi ngapi.

Mhesabu_Siku

Niongelee Marekani. Kwanza jina: huo mwaka 1 ulioutaja unaitwa OPT, na si viza mpya, ni ruhusa ya kufanya kazi ukiwa bado chini ya hadhi yako ya mwanafunzi wa F-1, viza ya masomo ya huko. Hii ina maana kubwa, kwa sababu chuo kinaendelea kuwa mlezi wako kwenye mfumo na lazima ukijulishe kila unapobadilisha anwani au mwajiri.

Miezi 12 ya kwanza kazi lazima ihusiane na ulichosomea. Sayansi ya data kwa kawaida inaingia kwenye orodha ya STEM, yaani fani za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, lakini usiamini jina la kozi. Kiulize chuo namba ya kozi iliyosajiliwa, maana kozi mbili zenye jina moja zinaweza kuwa na namba tofauti, moja iko kwenye orodha na nyingine haiko. Ikiwa ipo unaongeza miezi 24. Hapo sasa mwajiri lazima awe amejiunga na mfumo wa serikali wa E-Verify, unaohakiki kama mfanyakazi anaruhusiwa kufanya kazi nchini, na asaini mpango wa mafunzo pamoja nawe. Kampuni nyingi ndogo zinakwama hapo.

Halafu kuna siku 90. Kadi ya kazi ina tarehe ya kuanza, na kuanzia tarehe hiyo kila siku usiyokuwa na kazi inahesabiwa. Zikizidi 90 umepoteza hadhi yako. Kadi yangu ilianza Julai 10. Nilichora kalenda ukutani nikawa nakata siku kwa kalamu nyekundu. Mahojiano yalikuwepo, majibu hayakuja. Siku ya 71 nilianza kujitolea saa 20 kwa wiki kwenye kazi ya takwimu, kwa sababu katika miezi 12 ya kwanza kujitolea kwa saa hizo ndani ya fani yako kunasimamisha hesabu. Kazi ya mshahara ilipatikana mwezi uliofuata. Ile kalenda bado ninayo.

Kuomba unaruhusiwa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza hadi siku 60 baada. Omba siku ya kwanza inapofunguka, usingoje.

Na mbele ya hapo: H-1B, viza ya kazi ambayo mwajiri anakuombea, nafasi 85,000 kwa mwaka, kati yake 20,000 kwa wenye uzamili wa vyuo vya huko. Waombaji wanazidi nafasi, kwa hiyo kuna kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Nimewaona watu wazuri kazini wakikosa mwaka hadi mwaka.

Koti_Zito

Kanada hapa. Kweli, uzamili sasa unakupa miaka 3 hata kama kozi yako ni fupi, mradi haipungui miezi 8. Hilo lilianza Februari 2024. Kibali ni cha wazi, yaani mwajiri yeyote, na nililipa dola 255 za huko. Ukiwahi kuomba kabla kibali cha masomo hakijaisha, kwa kawaida unaruhusiwa kufanya kazi muda wote ukisubiri jibu. Kikomo cha kuomba ni siku 180 tangu chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba umemaliza. Siku hizi pia unaambatanisha matokeo ya mtihani wa lugha.

Sasa sikiliza hili, maana mimi sikuambiwa na mtu. Kibali hakivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti yako. Nilistahili miaka 3, pasipoti ilikuwa na miezi 14, na barua ikaja na miezi 14. Nilikaa kitandani nikaisoma mara tatu. Muda uliobaki nilikuja kuuomba baada ya kupata pasipoti mpya, na nilipewa, lakini katikati mwajiri alikuwa ameshaniuliza kwa nini kibali changu kinaisha karibu hivyo, na mkataba alioniandikia ukaishia tarehe ileile.

Unapewa mara moja tu maishani, kwa hiyo usikitumie kwa kozi usiyoipenda. Na ukitaka kubaki, mwaka mmoja wa kazi yenye ujuzi unakufungulia mlango wa kuomba ukaazi wa kudumu kupitia tabaka la wenye uzoefu wa Kanada. Kuomba si kupata, alama zinazotakiwa ili uchaguliwe zinapanda na kushuka. Lakini mwajiri hahitaji kuingia kwenye bahati nasibu kwa ajili yako.

Bustani

Naona Ujerumani mnaipita. Miezi 18 ni ya kutafuta kazi inayolingana na shahada, na wakati huo unaruhusiwa kufanya kazi yoyote kujikimu. Ukiipata kazi, hata mwezi wa pili, unahamia kwenye kibali cha mtaalamu au Kadi ya Buluu, kibali cha Umoja wa Ulaya kwa wataalamu wenye shahada. Kwa hiyo miezi 18 si muda wako wote wa kazi, ni muda wa kutafuta. Msiilinganishe na ile miaka 3 ya Kanada kana kwamba ni kitu kimoja.

Aliyehitimu chuo cha Ujerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 2 ya kazi ya kitaalamu akiwa amechangia pensheni muda huo na anajua Kijerumani cha B1, yaani ngazi ya kati. Lugha ndiyo mtihani wenyewe. Anza kujifunza siku unayopata barua, dada au kaka yangu, usisubiri kufika.

Mlango_wa_Pili

Tatu_Asubuhi, naomba nikupinge kidogo. Umesema hakuna anayeuliza ukikaa bila kazi, na ni kweli kwa uhamiaji. Lakini waajiri wanauliza. Mimi nilianza na kazi ya ghala kwa sababu viza iliniruhusu, nikasema miezi mitatu tu, ikawa kumi. Nilipoanza kutafuta kazi ya fani nilikuwa na miezi isiyotosha kumshawishi mtu anidhamini.

Tatu_Asubuhi

Sikupingi, ndugu. Hilo limewakuta wenzangu wawili pia.

Kengele

Kwa watakaosoma hapa wakiifikiria Australia: viza yao ya wahitimu, namba 485, kwa uzamili wa kozi ni miaka 2, na tangu Julai 2024 umri wa juu kwa wengi ni miaka 35. Aliyekaribia umri huo apige hesabu kabla ya kulipa ada.

Ukurasa_Mpya

Asanteni sana, kwa dhati. Nilikuwa nauliza ni miaka mingapi, mmenionyesha cha kuuliza: saa inaanza kuhesabu lini, na ikiisha naingia wapi. Marekani nimeiondoa, sina moyo wa siku 90 nikiwa na deni. Uingereza nayo, kwa sababu ya mchango wa afya na miezi 18. Nabaki na Kanada na Ujerumani, na kwa kuwa Kijerumani sijui hata salamu, naelekea Kanada.

Koti_Zito, nimeangalia pasipoti yangu sasa hivi. Imebakiza miezi 22, na kozi ni miezi 16.

Koti_Zito

Basi ungebakiwa na miezi isiyozidi 6 ya kazi. Omba mpya wiki hii, kabla hata hujaomba kibali cha masomo, maana nacho kinakatwa na pasipoti vilevile. Usiandike namba ya ile ya zamani kwenye fomu yoyote ya Kanada.

Ukurasa_Mpya

Nimeshapata miadi. Alhamisi saa mbili asubuhi.