Mega zangu za intaneti hazitoshi: albamu gani mpya za roki ya progresivu na pawa metali nianze nazo?

Solo_Katuba (Lubumbashi)
Jambo wandugu. Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya parokia yetu huku Katuba. Roki nilirithi kwa yaya wangu, ndugu yangu mkubwa: bendi ya Dream Theater ya zamani, na Helloween, zile albamu mbili za Keeper of the Seven Keys za 1987 na 1988. Nazijua zote kwa moyo. Sasa natafuta za miaka hii ya karibuni: progresivu, ile ya nyimbo ndefu zinazobadilikabadilika, na pawa metali, ile ya kasi yenye viitikio vikubwa. Shida ni mega. Nikinunua za usiku zinatosha albamu mbili, na umeme ukikatika katikati ndiyo basi tena. Nianze na zipi? Napenda gitaa linaloimba na mtu anayeimba kweli. Kuimba kwa kunguruma sijazoea.

Yaya_Kampemba
Mdogo wangu, chukua Parasomnia ya Dream Theater, ilitoka Februari 2025. Mike Portnoy amerudi kwenye ngoma, na kabla ya hii hakuwa amerekodi nao albamu ya studio tangu 2009. Albamu nzima inahusu usingizi unaomsumbua mtu: jinamizi na mambo ya namna hiyo. Wimbo wa mwisho, The Shadow Man Incident, unakaribia dakika 20. Lakini wewe mpiga solo nenda kwanza kwenye Bend the Clock. Unaenda taratibu, kisha Petrucci, mpiga gitaa wao, anaingia na solo bila haraka. Anavuta uzi mmoja, anauacha ulie, ndipo anaongeza. Sikiliza hapo gitaa likiwa mkononi, urudie mpaka vidole vielewe.
Na mtu asikuambie nyimbo ndefu si zetu. Tumekulia kwenye wimbo Mario wa Franco, wa 1985, na hakuna nyumbani aliyeuliza kwa nini hauishi. Sebene, ile sehemu ya gitaa katika rumba yetu, imetufundisha kungoja.

Besi_Ruashi
Yaya, kwa heshima, hapo nakataa. Parasomnia inapita saa moja, na kijana ana mega kidogo. Mimi ningempa The Overview ya Steven Wilson, Machi 2025. Ina nyimbo mbili tu, wa kwanza dakika 23, wa pili 18. Inazungumzia kile kinachowapata wanaanga wakiitazama dunia kutoka mbali, jinsi mambo yetu yote yanavyokuwa madogo. Usiikate vipande. Zima taa, sikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Kasi hakuna sana, ila kila chombo kina nafasi yake, na besi unaisikia vizuri.

Ngoma_Kamalondo
Mbona pawa metali mnaisahau? Kama anapenda Keeper, jibu lipo: Giants & Monsters ya Helloween, Agosti 2025. Michael Kiske na Kai Hansen wa enzi za Keeper wamo tena, pamoja na Andi Deris, kwa hiyo waimbaji ni watatu. Sauti ya Kiske bado inapanda juu bila kukwama! Powerwolf nao walitoa Wake Up the Wicked mwaka 2024. Viitikio vyake mtu wa kwaya atavishika mara moja. Ila maneno yao yanachezea mambo ya kanisa. Yakikukwaza, ruka.

Dada_BelAir
Kaka, usikimbie kunguruma. Opeth, ambao hunguruma pia, walitoa The Last Will and Testament Novemba 2024, hadithi ya familia inayosomewa wosia wa baba yao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nyimbo hazina majina, zina namba kama vifungu vya sheria, isipokuwa wa mwisho. Huo, A Story Never Told, unaimbwa kwa sauti safi kabisa. Anza nao, kisha rudi nyuma ujue familia ile ilifikaje pale.

Ngoma_Kamalondo
Na Waafrika wenzetu tusiwaache: Arka'n Asrafokor wa Togo, Dzikkuh, 2024. Si pawa metali, lakini ngoma za kwao zimo ndani ya gitaa zito.

Solo_Katuba
Asanteni sana wakubwa. Usiku huu ni Helloween na The Overview. Yaya, Bend the Clock naichukua peke yake zikibaki mega.

Besi_Ruashi
Chagua ubora wa kati. Kwa simu unatosha. Na pakua kabisa, usisikilize moja kwa moja mtandaoni. Solo utairudia sana, na kila ukirudia mega zinakwenda.