ALINUSA BEJI YANGU MBELE ZA WATU!!! Na huyo ndiye "mtaalamu" wetu

Wana-Lushi, watu wa Lubumbashi, mnamjua. Sitaji jina na hakuna haja. Yule wa meza ya medali na sarafu za zamani, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani, anayekusahihisha kabla hujamaliza kusalimia.

Leo nimempelekea beji ya marehemu baba mdogo. Ya kitambaa, ya kushonwa kwa uzi. Ya mviringo, ndege ya mizigo ya C-130 katikati, na maandishi FORCE AÉRIENNE ZAÏROISE, yaani jeshi la anga la Zaïre, yanazunguka. Baba mdogo alikuwa fundi wa ndege. Beji ilikaa kwenye kombati yake mpaka kombati ikaisha, mama akaitoa kwa wembe. Nikauliza kwa adabu zote: "Papa, hii inaweza kuwa ya miaka gani?"

AKAINUSA.

Hakuigeuza. Hakuangalia nyuma. Aliishika kwa vidole viwili, akaipeleka puani kama mama anayechagua makayabu, samaki wa chumvi, soko la Kenya hapa mjini, akafumba macho, akavuta pumzi iliyosikika hadi Likasi, akatoa hukumu: "Mpya. Nakala ya Pakistani." Watu wakacheka. Muuza vocha akacheka. Mtoto aliyebebwa mgongoni akaamka usingizini ili acheke!

Nikamwambia, Papa, geuza basi. Maana nyuma ndiko kwenye ushahidi. Mbele kijani kimepauka kwa jua, nyuma bado kimekoza. Pembeni kuna vitundu vya sindano mzunguko mzima, na kwenye kimoja kipande cha uzi wa kombati bado kimeng'ang'ania. Hakuna ile plastiki ya kubandikia kwa pasi. Hakugeuza. Eti ukingo mnene, ule wa uzi uliozungushwa kwa mashine, ndio unaoonyesha upya. Jamani! Wamarekani waliutumia kwa wingi kwenye beji zao tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla ya hapo nyingi zilikuwa zinakatwa tu pembeni. Ukiletewa beji ya vita vya 1944 yenye ukingo ule, hapo kunja uso. Yangu imeandikwa Zaïre! Zaïre ilianza Oktoba 1971, ikafa Mei 1997. Nani alimwambia ni ya enzi za Tshombe, yule aliyeongoza Katanga ilipojitenga mwanzoni mwa miaka ya 1960?

Halafu akaazima ile taa ya kukagulia dola kwa mbadilisha pesa wa jirani, akaimulika, nyuzi nyeupe zikawaka bluu. "Mnaona?" Akanirudishia beji huku anajifuta vidole. AMEJIFUTA VIDOLE. Baada ya kuninusia!

Na kinachoniua kabisa: mezani pake, ndani ya fremu ya kioo, kuna beji ya ndege ya jeti ya Fouga imeandikwa KATANGA – LUBUMBASHI 1961. Hiyo hainusi. Hiyo anaipangusa kwa kitambaa. Mji huu mwaka 1961 ulikuwa Elisabethville, jina la Lubumbashi limewekwa 1966! Aliyeishona alikuwa nabii?

Ameinusa, jamani.

---

Mwana_Kamalondo: Sasa ilinuka nini? Umeandika yote hayo na jambo la maana umeliruka.

Bukari_Moto: Yaya, hasira yote hii juu ya pua ya mtu? Na angeilamba je?

Mwenye uzi: Usimpe mawazo.

Cherehani_Katuba: Mimi nashona kwa mashine, kicheko naweka pembeni. Taa ile peke yake haihukumu kitu. Ni kweli nyuzi nyingi za kisasa zinawaka, lakini sabuni ya unga nayo ina dawa ya kung'arisha. Pamba ya zamani ukiifua nayo, inawaka vilevile. Ilifuliwa?

Mwenye uzi: Ndiyo, mama aliifua. Kwani oili ya injini inatoka kwa maombi? Lakini tusihame, hoja hapa ni KUNUSA.

Cherehani_Katuba: Basi chomoa uzi mmoja wa nyuma, uuwashe kiberiti. Pamba inanuka karatasi ikiungua na inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja, inabaki kidonge kigumu. Ila nayo haimalizi kesi, miaka ya sabini poliesta ilikuwepo. Angalia pia mishono kwa lensi. Za kompyuta zimefanana mno, herufi A zote mapacha. Za zamani utakuta moja imelala kidogo.

Mwenye uzi: Mmoja ananinusia, mwingine anataka kunichomea. Asanteni sana.

Mwana_Kamalondo: Kwa hiyo hata moshi wake utanuswa 😂😂

Papa_wa_Luano: Vijana, ile ya fremu nimeiona kwa macho yangu. Achana na jina la mji, hesabuni misalaba. Bendera ya Katanga ina misalaba ya shaba mitatu. Ile beji ina minne! Fouga zenyewe zilizoletwa zilikuwa tatu, na Septemba 1961 iliyobaki ikiruka ni moja tu. Lakini marubani waliovaa beji naona wanazidi kuongezeka kila mwaka, wajukuu wao wote wanauza.

Bukari_Moto: Papa, msalaba wa nne ni nyongeza kwa mteja mzuri.

Ruashi_Direct: Nyie mnalia kwa kunusiwa. Mimi nilimpelekea ya kichwa cha ng'ombe dume, ya wale marubani wa Kikuba waliopigana na waasi hapa Kongo kuanzia 1964. Aliniambia ni ya kiwanda cha maziwa. Nikamwachia kwa bei ya soda. Wiki iliyofuata iko kwenye fremu!

Mwenye uzi: Umeona?! Lakini wewe hakukunusia.

Ruashi_Direct: Ningependa aninusie abaki na pua yake, mimi nibaki na beji yangu.

Mama_Njanja: Samahani, kuuliza tu. Hiyo taa aliiazima kwa mbadilisha pesa yupi? Yule wa mwavuli mwekundu? Huyo amenikatalia dola 20 jana. Imepasuka pembeni kidogo, lazima uinamishe kichwa ndipo uone!

Mwana_Kamalondo: Mwavuli mwekundu! Mimi alikataa yangu kwa sababu ina nukta ya kalamu.

Bukari_Moto: Lakini yeye akikupa chenji anakupa noti ya franka iliyooza, na ukiirudisha anasema "serikali haikatai."

Ruashi_Direct: Na noti ya dola moja je? Hapa kwetu dola moja ni picha tu ya mzungu.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye beji. Aliinusa mbele za...

Mama_Njanja: Ngoja kwanza, yaya. Kuna mtu anajua wapi wanapokea yenye mpasuko?

Cherehani_Katuba: Usibandike gundi, mama, ndiyo utaiua kabisa. Kampemba kuna kijana anazipokea, anakata kidogo.

Mama_Njanja: Kidogo ngapi?

Cherehani_Katuba: 20 anakupa 15.

Mama_Njanja: Mwizi huyo! Nitumie namba yake.