Mrejesho: lori la LEGO Technic sasa linapanda mwinuko

Nawashukuru wakuu mlionijibu nilipouliza kwa nini lori langu la LEGO Technic (vipande vya plastiki vya kuunganisha, vyenye gia na mota), mchezo niliourudia ukubwani, lilinguruma tu bila kupanda ubao ulioinuliwa. Nimefuata ushauri wa kufunga gia ya meno 8 kwenye mota ili izungushe ya meno 24 kwenye ekseli (mhimili wa magurudumu), mpangilio unaopunguza mwendo hadi theluthi moja lakini unaoongeza nguvu karibu mara tatu, na sasa linapanda taratibu likiwa limebeba chupa ya maji. Betri sita za kuchaji hutoa volti 7.2 badala ya 9 za betri sita za kawaida, hivyo kasi imepungua zaidi. Kwa lori, silioni hilo kuwa tatizo. Vumbi letu la Dodoma linalonasa kwenye ekseli nalitoa kwa mswaki mkavu.