Mrejesho: Kupitisha faili za data kwenye fanksheni ya kukokotoa ucheleweshaji wa sauti

Ndugu zangu, niliuliza hapa namna ya kuipa fanksheni yangu (kipande cha programu) ya lugha ya Python faili mbili za sauti, zilizorekodiwa na maikrofoni mbili hapa Moshi, ili inirudishie muda ambao sauti imechelewa kufika kwenye maikrofoni ya pili. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kuandika majina ya faili kama vigezo vya fanksheni, badala ya kuyafungia ndani yake, na sasa fanksheni hiyo hiyo inasoma jozi yoyote ninayoipa. Ushauri wa pili ndio ulionifaa zaidi: kuondoa wastani katika kila wimbi la sauti, kulisogeza moja juu ya jingine hadi yafanane kuliko mahali pengine popote, kisha kugawa idadi ya sampuli (vipimo vya sauti vilivyorekodiwa) zilizosogezwa kwa kasi ya sampuli, yaani idadi ya sampuli kwa sekunde. Kwa kofi lililopigwa kwenye mstari wa maikrofoni zilizoachana mita 10, kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, nilipata takriban sampuli 1,286, yaani milisekunde 29, jambo linaloafikiana na kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde katika nyuzijoto 20.

Mlio wa jenereta, hata hivyo, bado haukubali, kwa kuwa wimbi linalojirudia hulingana mahali pengi na fanksheni huchagua mahali pasipo sahihi. Kwa sauti za namna hiyo natumia tu sekunde ya kuwashwa kwake.