Maduka ya vitabu, lipeni pesa zetu! Acheni kusingizia kwamba Watanzania hawasomi riwaya

Wakuu, habari za majukumu. Nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Kila anayesikia kwamba tumefungua shirika dogo la kuchapisha riwaya za Kiswahili ananiambia maneno yaleyale: "Watanzania hawasomi, mtakula hasara." Hasara tunaila kweli, lakini wasomaji hawahusiki nayo. Vitabu vyetu vinanunuliwa na vinaisha. Kinachotuua ni kwamba pesa ya mnunuzi ikishaingia kwenye droo ya duka, haitoki tena.

Tuko watatu, tuna chumba kimoja cha ofisi Kinondoni, na tunachapisha riwaya pendwa tu: upelelezi, ujasusi, majini na mambo ya kutisha. Sasa hivi tuna mswada mmoja wa hadithi ya kubuni ya kisayansi ambao mwandishi anaupitia upya. Vitabu vya kiada hatugusi. Tulisajili jina BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, tukachukua namba ya mlipakodi, tukaomba ISBN Bodi ya Huduma za Maktaba, zile namba za utambulisho wa kitabu ambazo baada ya 978 zinafuata tarakimu kama 9976 au 9987 kuonyesha kwamba kitabu ni cha Tanzania. Huko kote sina la kulalamikia. Balaa lilianza vitabu vilipotoka kiwandani na kuingia sokoni.

Kwa wasioijua biashara hii, duka kubwa halinunui kitabu cha mchapishaji mdogo. Linakichukua kwa mali kauli. Unapeleka katoni, mtu wa stoo anahesabu, anagonga mhuri kwenye hati ya kupokelea mzigo, unaambiwa urudi baada ya miezi mitatu kufunga hesabu. Vilivyouzwa unalipwa, visivyouzwa unarudishiwa. Sina ugomvi na utaratibu huo, na wapo wanaoufuata. Kuna mama mmoja Moshi mwenye duka dogo, vikiisha anatuma pesa kwa simu bila kukumbushwa, halafu anaagiza vingine. Mungu ambariki. Ambao hawafuati ni wakubwa, wenye viyoyozi na rafu za vioo, ambao ndio wangeweza kulipa bila hata kuhisi.

Nitasimulia duka moja la hapa Dar, jina silitaji. Nimeingia, dada wa kaunta ananifahamu, ananiambia kwa sauti ya chini: "Kaka, zile riwaya zenu ziliisha siku nyingi, watu wanakuja kuziulizia." Nikapanda juu kwa mhasibu. Akafungua daftari, akasema vingi bado vipo, havitembei. Nikaomba tushuke stoo tukavihesabu, kwa kuwa hati ya mapokezi ninayo mkononi. Mwenye ufunguo wa stoo hayupo. Basi nilipwe hata hivyo vichache anavyokiri kwamba vimeuzwa. Bosi ndiye anayesaini hundi, na bosi amesafiri. Atarudi lini? "Mzee, wewe pita tu wiki ijayo." Hiyo wiki ijayo tumeambiwa mpaka maneno yamekosa maana.

Nikashuka zangu kwa miguu kuelekea Posta. Pale kwa vijana wanaotandika vitabu vya mitumba chini, nakuta riwaya yetu. Mpya, haijafunguliwa. Nikaigeuza nyuma: kibandiko cha bei cha duka lilelile, kimekwanguliwa kwa kucha lakini herufi za mwisho za jina zimebaki. Kijana anauza sh 5,000, nusu ya bei. Nikamuuliza amekipata wapi, akasema analetewa. Simlaumu yeye, anatafuta riziki. Lakini hicho ni kitabu ambacho dakika chache kabla nimeambiwa kiko stoo, kimefungiwa, hakitembei. Kuna mtu ndani ya lile jengo anakitoa kwa mlango wa nyuma na kuweka pesa mfukoni, na wakubwa wake ama wanajua ama hawataki kujua. Huo ni wizi, tuuite hivyo.

Sasa pigeni hesabu ya kitabu kimoja muone uzito wake. Bei ya rafuni sh 10,000. Duka linakata asilimia 40, zinabaki 6,000. Kukichapa, kurasa 160 za saizi ya A5, tuseme 3,500 kwa nakala kama umechapa elfu moja. Mwandishi ana asilimia kumi ya bei, yaani 1,000. Inabaki 1,500, na humo yupo mhariri, mchoraji wa jalada, nauli ya katoni kwenye basi na kodi ya ofisi. Hayo ni mahesabu ya duka linalolipa. Lisipolipa, ile 3,500 ya kiwandani tumeshaitoa kwa pesa taslimu, maana kiwanda hakikubali mali kauli: kinataka nusu kabla ya kuwasha mashine na nusu kabla katoni hazijatoka getini. Kwa hiyo sisi watu watatu wa Kinondoni ndio tunaolikopesha duka kubwa mtaji, bila riba, bila kuulizwa.

Kinachoniuma zaidi ni mwandishi. Riwaya yetu ya kwanza imeandikwa na mwalimu wa sekondari huko Singida. Aliiandika kwa mkono kwenye madaftari makubwa ya kaunta, akaichapa upya sura kwa sura kwenye simu na kututumia usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mtu wa namna hiyo anapigiwa simu na rafiki yake aliyeko Dar: "Bwana, kitabu chako nimekinunua, na dukani kilibaki kimoja tu." Kisha ananipigia mimi: "Mkurugenzi, mauzo yanaendaje?" Nimwambieje? Nikimwambia duka halijalipa, moyoni anaona nimekula pesa yake, na mimi ningekuwa yeye ningeona hivyo hivyo. Mgao wake wa kwanza tulimlipa kutoka kwenye mishahara yetu ya kazi nyingine. Hatukutaka aliyekaa miaka na mswada aondoke akiamini kuwa wachapishaji wote ni matapeli. Lakini hatuwezi kufanya hivyo kila mara. Na chapa ya pili haipo, ingawa wateja wapo, kwa kuwa pesa ya chapa ya pili ndiyo hiyo waliyoikalia. Msomaji anaenda dukani, anaambiwa hakipo, anaondoka. Baadaye mnakaa kwenye semina mnajadili kwa nini riwaya za Kiswahili hazipatikani.

Viwanda navyo nisiviache. Kiwanda kimoja kilituletea mzigo ambao nakala kadhaa zina ukurasa wa 97 hadi 112 mara mbili, na ukurasa wa 113 hadi 128 haumo kabisa. Wanaojua uchapaji wanaelewa: karatasi kubwa moja inabeba kurasa 16, inakunjwa, zinapangwa pamoja na kutiwa gundi mgongoni. Mpangaji akichukua rundo moja mara mbili, ndiyo matokeo. Kwenye riwaya ya upelelezi kurasa hizo 16 ndimo mpelelezi anapogundua nani alikuwa na ufunguo wa ile nyumba. Msomaji ametoa sh 10,000 yake, amefika hapo, amerudishwa nyuma. Alinipigia amekasirika na alikuwa na haki. Tulimtumia nakala nyingine kwa gharama yetu, kiwanda kikasema tulete zote mbovu ndipo "wataangalia". Zimeshauzwa, nitazikusanya vipi kutoka Mwanza na Mtwara?

Halafu bei za karatasi. Tuna kiwanda cha karatasi Mgololo, Mufindi, lakini siku hizi kinatengeneza karatasi ngumu za mifuko na vifungashio. Karatasi nyeupe ya kitabu inatoka nje, kwa hiyo dola ikipanda leo, kesho bei ya kiwandani imebadilika, hata kama jana ulipewa nyingine kwa maandishi.

Nirudi kwenye hili la kusema watu hawasomi, maana ndicho kichaka wanachojificha. Mwaka 1965 Faraji Katalambulla alitoa riwaya ya upelelezi, Simu ya Kifo, na watu waliisoma na kuirudia. Miaka ya 70 na 80 riwaya za upelelezi na ujasusi zilipita mikono kwa mikono mabwenini na kambini, jalada likitoka linashonwa upya kwa uzi. Ben Mtobwa aliandika zake na kuwa na shirika lake mwenyewe, Heko, akachapisha na za wengine. Baadaye hadithi zikahamia kwenye magazeti ya udaku, mfululizo kila wiki, na kuna watu walinunua gazeti kwa ajili ya ule ukurasa tu. Na leo? Fungueni simu zenu. Vijana wanaandika riwaya sehemu kwa sehemu kwenye Facebook na magrupu ya WhatsApp, na ikifika patamu wanasema anayetaka kuendelea atume elfu moja. Watu wanatuma! Kondakta anatuma, mama anayeuza genge anatuma, askari wa usiku anatuma. Hao ndio "wasiosoma"?

Vyuoni wamezigawa hizi riwaya, kuna dhati, zinazohesabiwa kuwa fasihi nzito, na kuna pendwa, za kuburudisha kama zetu, na pendwa ndiyo inayodharauliwa, ni nadra kuingia kwenye orodha ya vitabu vya shule. Sawa, sijaomba iingie. Lakini mchapishaji anayetegemea mauzo ya shule anaweza kuvumilia duka lisilolipa. Sisi wa riwaya pendwa hatuna shule, hatuna mfadhili, tuna mnunuzi mmoja mmoja anayeingia dukani na noti yake. Noti hiyo ikiishia kwa mtu mwingine, hatuna kitu.

Kuhusu wanaosambaza vitabu bure kwa PDF nitasema kwa ufupi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999 na inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Wewe unayepiga picha kitabu ukurasa kwa ukurasa na kukirusha kwenye grupu la watu mia mbili ukiandika "someni wapendwa", unamwibia mwalimu wa Singida. Wapendwa wanunue.

NYONGEZA: Naona maswali yanajirudia, najibu hapa.

Mdau anauliza kwa nini tusiachane na maduka tuuze wenyewe kwa simu. Tunauza. Dar kijana wa bodaboda anafikisha siku hiyohiyo. Lakini msomaji wa Sumbawanga anayetaka kitabu kimoja cha sh 10,000 anaombwa elfu tatu mpaka tano ya kifurushi cha basi, akakisubiri stendi. Wengi wanaghairi, na siwalaumu. Duka la mjini kwake ndilo linalofaa, likileta katoni nzima nauli inagawanyika. Ndiyo maana nalia na maduka badala ya kuyasusa tu.

Mwingine anasema twende mahakamani. Deni la duka moja ni laki chache. Wakili, nauli na siku za kazi zitakazopotea zinazidi deni lenyewe, na wenye maduka wanaijua hesabu hiyo kuliko sisi. Ndiyo maana wanatuzungusha sisi wadogo, huku wasambazaji wa vitabu vya shule wakilipwa kwa wakati.

Ndugu wa Mombasa anayeulizia: tunatamani sana kuleta huko, wasomaji wa Kiswahili mpo wengi. Lakini Kenya inatoza VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu tangu 2013. Ukijumlisha na usafiri, bei ya kitabu kimoja huko inakera hata kuitaja. Tukipata duka la uhakika la kuagiza mzigo mkubwa kwa mara moja, tutaleta.

Na kwa wachapishaji wadogo wenzangu mlionifuata inbox mkisema yamewakuta hayohayo, tena kwa maduka yaleyale: acheni kunong'ona. Tukubaliane masharti yanayofanana, kila mmoja ayaandike kwenye hati yake kabla ya katoni kushuka. Hesabu ifungwe kila mwezi. Mchapishaji aruhusiwe kuingia stoo na kuhesabu vyake kwa macho yake. Malipo ndani ya siku 30 kwa namba ya simu au benki, hizi hundi za bosi aliyesafiri basi. Nakala isiyoonekana stoo ihesabiwe kuwa imeuzwa. Duka litakalokataa, lisipewe hata nakala moja na yeyote kati yetu, na wateja wakiulizia tuwaambie wazi kwa nini hakipo. Sisi tumeshaanza: mzigo mpya ukitoka kiwandani, lile duka la viyoyozi halipati kitu mpaka limalize deni la zamani.