Naomba ushauri: Nairobi–Dar asubuhi, nikae safu ipi nipate picha safi ya Kilimanjaro?

Habari zenu wadau. Upande wa kukaa sina shaka nao: njia iliyonyooka kutoka Nairobi hadi Dar inapita mashariki ya mlima, kwa hiyo Kibo inakuwa kulia, wakati wa kurudi, kushoto. Asubuhi jua liko mgongoni kwako na barafu inaonekana vizuri. Alasiri unapiga picha ukilitazama jua, na kila mkwaruzo wa kioo unawaka mweupe.

Kinachonisumbua ni safu. Kwenye Boeing 737 safu za katikati zimezibwa na bawa, na za nyuma yake hewa moto ya injini inafanya picha itetemeke. Kwenye ATR 72 bawa liko juu ya madirisha, sawa, ila injini na pangaboi vinaziba baadhi ya safu za mbele.

Mnaopita njia hii mara kwa mara: kwenye ATR nikae nyuma kabisa? Na ndege ya saa moja au ya saa tatu, ipi inawahi kabla mawingu hayajafunika kilele? Natanguliza shukrani.